Onyo la Hatari na Nyumba ya Askari

Wasomaji wetu wanaoishi kambini wanazijua sauti za amri. Askari huamshwa kwa tarumbeta, hulala kwa tarumbeta, na sauti moja ya king'ora isiyo ya kawaida usiku humfanya avae viatu kabla hajafumbua macho sawasawa. Lakini bibi yake na watoto wake, ambao hulala katika chumba hicho hicho, aghalabu hawakufundishwa sauti hiyo ina maana gani kwao. Juma hili twataka kuzungumza juu ya onyo la maafa: litokako, lipoteapo njiani, na mambo yapasayo kuwa tayari nyumbani kabla halijatolewa. Mfano wetu tutautwaa kwa majirani zetu wa Goma, mji wa Kongo ulio ukingoni mwa Ziwa Kivu, kwa sababu wenyeji wa huko wamelipata fundisho hili mara tatu katika umri wa mtu mmoja, tena kwa gharama kubwa.

Juu ya mji huo, umbali usiofika kilomita 20, umesimama mlima Nyiragongo, wenye kimo cha mita 3,470 hivi. Ndani ya kinywa chake, kwa miaka mingi, lilichemka ziwa la lava, yaani mawe yaliyoyeyuka kwa moto, na usiku mawingu ya kileleni yaligeuka mekundu. Watoto wa Goma wamezaliwa na kukua wakiuona wekundu huo, na jambo lionekanalo kila usiku halimtishi mtu tena. Tarehe 10 Januari 1977 ubavu wa mlima ulipasuka, na ziwa lote la moto likamwagika kwa muda usiofika saa moja. Lava ya mlima huu ni nyepesi kuliko ya milima mingi, na penye mteremko mkali hukimbia kumshinda mtu aliye mbioni. Vijiji vilivyokuwa njiani havikupata nafasi hata ya kupiga nduru.

Mara ya pili ilikuwa tarehe 17 Januari 2002. Asubuhi, yapata saa mbili na nusu, nyufa zilifunguka upande wa kusini wa mlima, zikateremka kuelekea mjini kama nguo inayochanika. Alasiri lava ilikuwa imeingia katika mitaa ya Goma. Ilifunika sehemu ya uwanja wa ndege, ikateketeza maduka na kanisa kuu la Wakatoliki, na jioni ikafika ziwani. Watu kati ya 300,000 na 400,000 walivuka mpaka kwenda Gisenyi katika Rwanda, wengi kwa miguu yao, na wengi zaidi bila kusubiri amri ya mtu yeyote. Wataalamu wachache wa kituo cha Goma, waliokuwa na vyombo vichache mno, walikuwa wameona dalili mapema na kuzisema. Neno lao halikugeuka kuwa amri.

Yafaa tutaje pia jambo lililotokea siku chache baadaye, kwa kuwa halikuwa kazi ya mlima. Watu waliokuwa wamerudi mjini waliiendea stesheni moja ya petroli iliyozungukwa na lava yenye moto bado, wakaanza kuteka mafuta kwa madebe. Stesheni ikalipuka, na makumi ya watu wakafa pale pale. Walikuwa wamekwisha okoka. Tunawaomba akina mama wakumbuke habari hii kila wanapofikiri kwamba hatari hupita siku ile ile moshi unapopungua.

Baada ya mwaka 2002 mataifa yalisaidia, kituo kikapata vyombo vya kupima matetemeko, na mjini zikasimamishwa mbao za rangi nne: kijani kwa siku za kawaida, manjano kwa kuwa macho, rangi ya chungwa kwa kujitayarisha, nyekundu kwa hatari iliyofika. Ni mpango mzuri, kwani hata asiyejua kusoma hujua rangi. Watoto wa shule walifundishwa. Lakini chombo cha kupimia si jembe, kwamba ukishalinunua litakaa pembeni likikusubiri. Chombo chahitaji betri, mlinzi asiye na njaa, na njia ya kupeleka habari zake mjini kila dakika. Mwezi wa Oktoba 2020 msaada wa fedha uliokuwa ukiendesha kazi hiyo ulikwisha, na kwa miezi kadhaa kituo hakikuweza hata kulipia intaneti iliyoleta habari za vyombo kutoka mlimani. Habari zilianza kuja tena mwezi wa Aprili 2021. Jioni ya Jumamosi tarehe 22 Mei 2021, mlima ulipasuka mara ya tatu.

Hapa ndipo watu wengi hukata hukumu haraka. Husema: laiti fedha zisingalikatwa, watu wangalionywa. Mwandishi wa safu hii naye aona kwamba kukata fedha za ulinzi wa mji wenye mamia ya maelfu ya watu ni jambo lisilo na udhuru. Lakini wataalamu waliochunguza habari za vyombo baadaye, na kuitoa kazi yao mwaka 2022, walikuta kwamba mlima haukutoa dalili za wazi za siku nyingi kama zile za kabla ya 2002. Matetemeko ya kuonya yalianza kiasi cha dakika 40 tu kabla lava haijatoka. Dakika arobaini! Hata kama kila chombo kingalikuwa kizima na kila mtumishi macho, habari ingalikuwa haina budi kupanda kutoka kwa mtumishi hadi kwa mkuu wa kituo, kutoka kwake hadi kwa gavana, kutoka kwa gavana hadi redioni, kutoka redioni hadi jikoni kwa mama anayesonga ugali. Mwenye kujua jinsi barua isafirivyo katika ofisi zetu ataona kwamba dakika hizo zingalikwisha kabla ya kufika jikoni.

Basi maana yake nini? Kwamba kazi ya onyo yagawanyika. Sehemu moja ni ya serikali na wataalamu, na hiyo lazima idaiwe. Sehemu nyingine imo ndani ya nyumba, na haiwezi kufanywa na mtu mwingine.

Usiku ule wa Mei mambo yalionekana wazi. Umeme ulikatika sehemu nyingi za mji. Watu walishika njia mbili, wengine kuelekea mpaka wa Rwanda, wengine magharibi kuelekea Sake. Lava ilisimama huko Buhene, kando ya mji, karibu sana na uwanja wa ndege. Watu wapatao 32 walikufa, na si wote kwa moto: wengine katika ajali za barabarani wakikimbia, wengine kwa kuvuta hewa ya sumu walipojaribu kupita juu ya lava ambayo ilikuwa haijapoa. Siku iliyofuata shirika la UNICEF lilisema watoto zaidi ya 150 walikuwa wametengana na jamaa zao, na wengine zaidi ya 170 hawajulikani walipo. Tafadhali usipite hesabu hiyo kwa haraka. Watoto hawa hawakupotezwa na mlima. Walipotezwa na giza, na umati, na mkono ulioteleza.

Pamoja na hayo, tangi kubwa la maji la mji na mabomba yake viliharibika, watu wapatao nusu milioni wakawa hawana maji ya bomba, na hofu ya kipindupindu ikaanza. Wenye kushughulika na nyumba wanajua kwamba maafa ya siku ya kwanza hupigwa picha, bali ya siku ya tano hayapigwi: kuhara, homa, mtoto mchanga asiye na maji safi.

Kisha yakaja majaribu ya namna nyingine. Kwa siku kadhaa ardhi ilitetemeka, nyumba zikabomoka Goma na Gisenyi, nyufa zikaonekana katikati ya mji. Alhamisi tarehe 27 Mei gavana wa kijeshi wa jimbo alitoa amri ya kuhama mitaa kumi kati ya mitaa 18 ya mji, akieleza kwamba mlipuko mwingine, nchi kavu au chini ya ziwa, waweza kuja bila onyo au kwa onyo dogo sana. Watu wapatao 400,000 waliondoka. Mlipuko haukuja. Mwezi wa Juni wakaanza kurudishwa.

Je, gavana alikosea? Wako waliosema hivyo, hasa waliolala nje huko Sake wakinyeshewa na mvua. Sisi hatuoni hivyo. Tazama habari ya Armero, mji wa Kolombia. Mwaka 1985 wataalamu walikuwa wamechora ramani inayoonyesha kwamba mlima Nevado del Ruiz ukilipuka, tope litafuata mito na kuufunika mji huo. Tarehe 13 Novemba mlima ulilipuka usiku, kama saa tatu. Tope lilichukua zaidi ya saa mbili kufika Armero. Muda wa kutosha mtu kupanda kilimani na blanketi, na hata kurudi kumchukua bibi kizee wa jirani. Lakini wakubwa walikuwa wameogopa kutoa amri isije ikawa bure, na wananchi walikuwa wameambiwa watulie nyumbani. Watu kiasi cha 23,000 waliangamia. Mwenye kulipima onyo kwa mizani ya "je, hatari ilikuja?" hupima kwa mizani mbovu. Amri ya kuhama yapaswa kupimwa kwa yale yaliyojulikana saa ilipotolewa. Hata hivyo ni kweli kwamba mtu aliyehamishwa mara moja bure, akarudi akakuta nyumba imeibiwa, mara ya pili hatatoka. Kwa sababu hiyo kulinda mali za waliohama si kazi ndogo ya polisi. Ni sehemu ya onyo lijalo.

Sasa tuwageukie askari wenyewe. Maafa yakitokea, watu wote hukimbia kutoka, na askari huamriwa kwenda ndani. Wakati wa maporomoko ya Bududa, tarehe 1 Machi 2010, wanajeshi wetu walichimba tope la Nametsi kwa majembe na mikono wakitafuta maiti, kwa kuwa mashine hazikuweza kufika. (Na pale vilevile kuna jambo la kufundisha: baadhi ya waliofukiwa walikuwa wamekimbilia zahanati ya kijiji kwa ajili ya mvua. Nyumba imara iliyosimama mahali pabaya si kimbilio.) Askari wa namna hiyo hafanyi kazi vema kama hajui mkewe na watoto wako wapi. Mmoja atapiga simu mara hamsini wakati mtandao umelemewa. Mwingine ataiacha zamu yake, na wewe mkubwa wake utamwadhibu, lakini kosa la kwanza litakuwa lako.

Wanajeshi wa Marekani waliokuwa katika kambi ya Clark, huko Ufilipino, walilitambua jambo hili. Mlima Pinatubo ulipoanza kuamka mwaka 1991, wataalamu waliweka ngazi tano za hatari na kuzipandisha moja moja. Tarehe 10 Juni watu 14,500 hivi, askari na jamaa zao, waliondolewa kambini kwa magari siku moja, wakaachwa walinzi wapatao 1,500 tu. Siku tano baadaye mlima ulilipuka kwa nguvu ambayo dunia imeiona mara chache katika karne iliyopita. Kuondoka kwa namna ile hakukubuniwa asubuhi ile. Kila jamaa ilikwisha kujua gari gani, barabara gani, na mizigo kiasi gani. Wananchi wa vijijini nao walionyeshwa filamu ya hatari za volkeno iliyotengenezwa na Maurice na Katia Krafft, mume na mke Wafaransa, na wengi waliokuwa wakicheka walinyamaza walipoona. Wapiga picha hao wawili walifia mlima Unzen, Japani, tarehe 3 Juni mwaka huo huo, siku kumi na mbili kabla ya filamu yao kuthibitika.

Kambi zetu hazina magari ya kuchukua watu 14,500 kwa siku moja, na hatusemi ziwe nayo. Twasema kwamba daftari la majina ya jamaa zote za kambini haligharimu kitu: mke, watoto na umri wao, mzee aliye mgonjwa, mja mzito. Twasema mahali pa kukutania pajulikane na pachaguliwe juu ya mwinuko, si chini ya mti mkubwa wala bondeni. Na twasema sauti ya hatari ya kambi ifundishwe kwa akina mama na watoto kama ifundishwavyo kwa makuruta, ikapigwa kwa majaribio mchana wa siku iliyotangazwa. Babu zetu hawakuwa wajinga. Katika Buganda mdundo wa ngoma wa "gwanga mujje" ulieleweka na kila mtu, mkubwa na mdogo, na hapana aliyeuliza ngoma hiyo ni ya harusi ya nani.

Mambo ya ndani ya nyumba tutayasema kama tunavyozungumza na jamaa inayokaa katika zile nyumba ndogo za bati ambazo wenyewe mwaziita "mama ingia pole". Nafasi ni ndogo, na mshahara hautoshi kununua vitu vya akiba, twalijua hilo.

Jambo la kwanza ni mkuu wa nyumba. Baba akiwa zamu, mkuu ni mama, na lazima jambo hili lisemwe wazi wakati wa amani, mbele ya watoto. Twafahamu nyumba ambamo mama hawezi kutoka usiku bila ruhusa ya mume wake. Ruhusa hiyo ya siku ya maafa itolewe leo. Bwana amwambie mkewe: "Ukisikia onyo usinisubiri, usinipigie. Wachukue watoto mwende mahali petu, nami nitakuja huko nitakapoachiliwa." Maneno hayo machache humwondolea mama uzito ambao umewaua wengi waliokaa mlangoni wakisubiri.

Mahali "petu" pawe pawili: pamoja karibu, pa kukutania kama mmetawanyika, na pengine mbali, kwa ndugu au rafiki wa mji mwingine, ambaye namba yake ya simu kila mtu anaijua kwa moyo. Kila mmoja aliyepotea ampelekee huyo habari. Ujumbe mfupi wa maandishi mara nyingi hupita wakati simu ya sauti inakataa. Mtoto asiyeweza kukumbuka namba na ashonewe kitambaa ndani ya nguo, chenye jina lake, jina la mama na namba hiyo. Wakubwa kwa wadogo watembee kwa kushikana: mtoto mkubwa amshike mdogo, na mama ambebe mchanga mgongoni, mikono yake ibaki huru. Kazi hii igawiwe kwa majina. "Wewe utamshika mdogo wako, wewe utachukua dumu." Mtoto aliyepewa kazi halii sana.

Mfuko mmoja, ule wa shuleni uliokwisha chakaa wafaa kabisa, uning'inizwe karibu na mlango. Ndani yake viwekwe vyeti vya kuzaliwa, cheti cha ndoa, nakala ya kitambulisho cha askari na karatasi za hospitali, vyote katika plastiki. Mjane wa askari asiye na cheti cha ndoa huteseka mno mbele ya meza za malipo, wanaojua wanajua. Weka pia dawa za anayezitumia kila siku, chumvi na sukari za kuchanganya maji ya kuhara, kitambaa safi kwa kila mtu cha kufunika pua, tochi, na redio ndogo ya betri. Dumu moja la maji safi lijazwe kila jioni, na likae hapo hapo. Mambo haya mama ayakague siku ya mshahara, kwani betri hukopwa na sukari huliwa.

Majivu ya mlima yakianguka, au hata vumbi la moto mkubwa, ondoa mfereji wa bati unaopeleka maji ya mvua katika pipa, ufunike pipa, na maji yale ya kwanza usiyanywe hata kama umeyachemsha. Kuchemsha huua vijidudu lakini hakuondoi sumu.

Habari za uvumi nazo zina sumu yake. Kila maafa siku hizi yana picha zake za uongo katika simu. Jamaa ichague sauti moja ya kuiamini, kama vile redio ya serikali au mkuu wa kambi, na nyingine zote zisubiri. Lakini kama unaona maji yanapanda au ardhi inapasuka kwa macho yako mwenyewe, usisubiri sauti yoyote. Watu wa Goma wa 2002 waliotoka bila amri hawakukosea.

Mwisho ni kurudi. Wenyeji wa Goma wana neno lao, mazuku, nalo ni hewa nzito isiyo na rangi wala harufu ya kumwonya mtu, itokayo ardhini na kukaa mabondeni, katika mashimo na vyumba vya chini. Neno hilo limeingia katika vitabu vya sayansi vya dunia nzima bila kubadilishwa herufi moja. Hewa hiyo huua mbuzi kabla ya ng'ombe, na mtoto kabla ya baba yake, kwa sababu hukaa chini. Basi nyumba ya mahali pa namna hiyo iliyofungwa kwa siku nyingi isiingiwe na watoto kwanza. Mtu mzima afungue milango na madirisha yote, atoke, akae nje mpaka upepo upite humo kwa muda mrefu; na majuma ya kwanza mtoto mchanga alazwe kitandani.